Tupeane uzoefu: msimamo wako wa siasa umeutoa nyumbani au kwa rika lako?

Mbukwenyi wakuu. Niko Dodoma, nina miaka 27. Babu yangu alihamishwa kwenye Operesheni Dodoma mwaka 1971, akaacha tembe yake na mazizi, akapangiwa kiwanja kijijini. Ungedhani ana kinyongo na Mwalimu. Wapi! Kadi ya TANU anaitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo. Kwake chama ni shule na zahanati. Mimi nimezaliwa vyama vingi vimesharudi tangu 1992, nampima kiongozi kwa ajira. Namheshimu sana babu, ila shukrani yake siwezi kuipigia kura.

Na asili je, inachangia? Kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Nadhani hilo halikuisha lote. Leteni ya kwenu.

Mjukuu wa Uhindini: Halijaisha, mkuu. Sisi ni kizazi cha nne hapa. Majengo ya kupangisha yalipotaifishwa 1971, la babu lilikuwemo. Tangu hapo nyumbani tunaambiwa: fanya biashara, siasa kaa nayo mbali. Baba anapiga kura, lakini hata mama hajui kampa nani. Mimi nimekataa huo ukimya. Siku ya kujiandikisha, kijana wa rika langu aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza, "Kumbe na nyie mnapiga?" Iliniuma mno. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi kama sisi, alikuwa waziri wa fedha wa nchi hii kabla wazazi wetu hawajaoana!

Binti wa Kigoma: Pole, ndugu. Mimi nilikuja Dodoma kusoma chuo. Chumbani tulikuwa Muha, Msukuma, Mchaga na Mpemba, kila mmoja na chama cha kwao. Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichelewa, wote kilio kimoja. Kufikia mwaka wa tatu tulikuwa tunabishania ajira na mikopo, makabila hakuna aliyeyakumbuka. Ila nikirudi likizo, mbele ya baba nanyamaza.

Mama Majengo: Wanangu, mwaka 1995 nilikuwa na umri kama wenu, na wazee walituambia vyama vingi vitaleta vita. Nilimwitikia baba "ndiyo", nikaenda kupiga kura ninavyotaka. Binti yangu hanifichi, ananibishia palepale mezani, chakula kinapoa. Mie naona afadhali hivyo.