Kidhibiti madirisha cha kwanza: i3, Openbox, IceWM au Sway?

Mwalimu wa Nakuru
Wanajukwaa, hamjambo. Nina laptopu ya mitumba yenye RAM ya GB 4 inayotumia mfumo endeshi wa Debian, na GNOME (mazingira yake kamili ya eneokazi) inailemea, hasa ninapofungua kivinjari huku nikijaza alama za wanafunzi katika LibreOffice. Ningependa kuiondoa GNOME na kubaki na kidhibiti madirisha peke yake. Je, kipi kinamfaa mtu ambaye hajawahi kutumia hata kimoja?

Fundi wa Kondele
Mwalimu, usiiondoe GNOME kwanza. Kidhibiti madirisha husakinishwa kando yake, kisha ukakichagua kwenye skrini ya kuandika nywila. Kikikushinda, unarudi ulikotoka. Jambo la pili ni kwamba programu hizi hupanga madirisha tu. Kuunganisha Wi-Fi, kurekebisha sauti na mwanga wa skrini, na kukuonya betri inapokaribia kwisha ni kazi ambazo GNOME imekuwa ikikufanyia bila wewe kuona, na kwetu Kisumu, ambako stima hukatika bila hodi, onyo la betri si pambo. Openbox, kwa mfano, haina hata upau wa chini. Utautafuta kwingine, labda tint2, na usanidi wake umeandikwa kwa XML, jambo linalomchosha anayeanza. Mimi ningechagua IceWM. Ni ya tangu 1997 na sura yake ni ya kizamani, lakini huja na upau, menyu, saa na kipimo cha betri, na kipanya chako kitaendelea kufanya kazi kama ulivyozoea.

Mwanafunzi wa Maseno
Kuhusu GNOME nakubaliana na fundi, ila IceWM itamwacha mwalimu pale pale alipo, akiburuta madirisha kwa kipanya. i3, iliyoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009, hugawanya skrini yenyewe ili dirisha moja lisifunike jingine. Ukiiwasha mara ya kwanza, hujitolea kukuandikia faili ya usanidi na kukuuliza kitufe kikuu kiwe kile cha Windows au Alt. Chagua cha Windows, kwa sababu Alt hugongana na menyu za LibreOffice. Kitufe hicho pamoja na Enter hufungua terminali ya kuandikia amri, pamoja na d huita dmenu ya kuanzishia programu, na pamoja na namba hukuhamisha kutoka eneokazi moja hadi jingine. Kwa kuwa jedwali la alama likibanwa kwenye nusu ya skrini ndogo halisomeki, bonyeza kitufe hicho na w, na madirisha yatapangwa kama vichupo vya kivinjari. Faili ya usanidi ni maandishi ya kawaida, na mwongozo wake rasmi unaeleweka kuliko mingi niliyowahi kusoma.

Mkazi wa Kakamega
Sway husoma usanidi wa i3 karibu wote, lakini hutumia Wayland badala ya X11 (mifumo miwili tofauti ya kuonyesha madirisha kwenye skrini), na haiungi mkono rasmi viendeshi visivyo huria vya kadi za picha za Nvidia. dwm, kidhibiti kingine cha aina hii, iache kwa sasa, kwani kila badiliko humaanisha kuhariri faili ya lugha ya C na kuikompaili upya, yaani kuigeuza tena kuwa programu. Hata hivyo, mwalimu asitarajie makubwa: kidhibiti chepesi kitaokoa memori iliyokuwa ikitumiwa na GNOME, lakini kivinjari chenye kurasa nyingi kitaendelea kula kile kile.

Mwalimu wa Nakuru
Nawashukuru. Ninaelekea kwa i3, huku GNOME ikibaki kando. Nikiunganisha projekta darasani, picha itatokea yenyewe kama ilivyo kwenye GNOME?

Mwanafunzi wa Maseno
Haitatokea yenyewe, mwalimu. Sakinisha arandr, ambayo itakuonyesha skrini zote kama visanduku. Kiburute kisanduku cha projekta hadi kikifunike kile cha laptopu ili zote mbili zionyeshe kitu kimoja, kisha uhifadhi mpangilio huo. arandr huuhifadhi kama skripti fupi, na skripti hiyo unaweza kuifungia kitufe ndani ya usanidi wa i3, ili darasani ubonyeze mara moja tu.