Mtu anayehitaji kuangaliwa muda wote anaitwaje, bila kusema anadeka?

Nuru_M: Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa neno. Mama yangu alipata kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi, na mimi ndo niko naye usiku na mchana. Kila baada ya saa 2 namgeuza asije akapata vidonda vya kulalia, chakula ni kijiko kwa kijiko maana ukiharakisha tu anapaliwa, ukitoka chumbani kidogo anaita. Sasa jana ndugu mmoja kapiga simu, nikamweleza, akasema "mama naye anadeka sana". Jamani iliniuma. Kiswahili kinamwitaje mtu kama huyu?

Msemaji_K: Pole sana dada. Kudeka sio kabisa. Anayedeka uwezo anao ila anataka abembelezwe, mtoto akijikwaa peke yake anainuka anaendelea na mchezo, akimwona mama yake ndo kilio kinaanza, hiyo ndo deka. Na wewe ukionekana unamdekeza lawama inakuja kwako, kwa hiyo huyo ndugu kawasema wote wawili.

FundiNyuzi: Kwa vitu sisi tunasema pasua kichwa. Nina cherehani ya zamani, nisipoitia mafuta inakata uzi, nikitoka kitambaa chepesi kwenda kizito naanza kuhangaika na mkazo wa uzi upya, na siku nyingine nimerekebisha kila kitu inaruka mishono tu. Ila kuna kitu kizima kabisa kinachotaka mkono mpole, kama okidi, ukizidisha maji mizizi inaoza, hicho siiti pasua kichwa, nasema kinalelewa kama yai. Labda hiyo ya yai imfae mama?

Msemaji_K: Yai hapana fundi, naona inakaa vizuri kwa mtoto au mtu unayempenda ukaamua mwenyewe kumlea hivyo. Mgonjwa hajachagua, na wewe hukuchagua.

Bi_Tausi: Mwanangu Nuru pole, nimepita huko. Mi nakushauri uache kumtafutia mama jina. Kuna sifa kama msumbufu, ana makuu, mzigo, zote zinamwangukia yeye na hana kosa. Sema unachofanya wewe: namuuguza mama. Kulea tunalea mtoto, kutunza unaweza kutunza hata gari, lakini kuuguza ni mgonjwa, na mtu aliyewahi kuuguza akisikia hilo neno anajua hujalala, anajua mgongo unauma, hahitaji maelezo mengine. Na mama anabaki na heshima yake.

Nuru_M: Asante sana bibi, hilo ndo nililokuwa natafuta, nilikuwa nalisema kila siku na sikulifikiria. Nimemwandikia yule ndugu sasa hivi, "mama hadeki, namuuguza, naomba uje hata usiku mmoja unipokee nilale". Hajajibu bado. Ngoja nikamgeuze, muda umefika.