Bibi yangu anasema Stephen ndiye aliyekuwa mfalme halali wa Uingereza. Nimjibu nini?

FundiNgambo

Wakuu salaam. Mimi ni fundi cherehani, Ng'ambo hapa Tabora. Nimenunua kwa muuza vitabu vya mtumba kitabu cha wafalme wa zamani wa Uingereza. Jalada hakina, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Umeme ukikatika nakisoma kwa tochi ya simu, na kimenivuruga.

Nilichokuwa najua ni kwamba mfalme akifa, mwanawe wa kwanza anakalia kiti, basi. Kumbe kwa Wasaksoni haikuwa hivyo. Mwaka 871 mfalme wa Wessex, dola yao ya kusini mwa Uingereza, alikufa akaacha watoto wa kiume, lakini walikuwa wadogo na Waviking wako mlangoni, kwa hiyo kiti akapewa mdogo wake, Alfred. Mwaka 1066 ndiyo kichekesho. Mfalme Edward alikufa tarehe 5 Januari bila mtoto, na kesho yake tu wakubwa wa baraza lao, Witan, wakamtawaza Harold. Harold kwa Edward ni shemeji, kaka wa mke! Mwenye damu ya kifalme alikuwa Edgar, mjukuu wa kaka yake Edward kwa baba, ila alikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijakomaa.

Ili nisipotee nikapanga vifungo kwenye meza ya kukatia, vyeupe wanaume na vyekundu wanawake, nikaviunganisha kwa chaki. Bibi yangu, Mnyamwezi wa Unyanyembe, akaja kuchukua khanga niliyompindia, akataka kujua nacheza nini. Nikamsimulia mpaka nikafika kwa mfalme Henry wa Kwanza, mtoto wa William Mshindi aliyemshinda Harold. Watoto wa nje alikuwa nao zaidi ya ishirini, lakini wa kiume wa ndoa alikuwa mmoja tu, na huyo alizama na merikebu Novemba 1120. Akabaki binti, Matilda. Baba mtu akawaapisha wakubwa kwamba watamkubali. Henry alipofariki Desemba 1135, Stephen, naye mmoja wa walioapa, akavuka bahari mbio, na kabla ya Krismasi taji liko kichwani. Kitabu kinamwita mnyang'anyi.

Bibi akauliza, "Huyo Stephen ni mtoto wa nani?" Nikasema wa Adela, dada yake Henry. Akakisukuma kifungo cha Stephen kwa kidole mpaka chini ya Henry. "Sasa aliiba nini? Si mpwa?" Akakunja khanga yake akaondoka.

Mwalimu_Mstaafu

Mpe bibi shikamoo yangu. Kwa Unyamwezi wa zamani hajakosea. Sehemu nyingi mtemi, yaani chifu, alirithiwa na mtoto wa dada yake. Wazee walikuwa wakisema mtoto wa mkeo unaambiwa ni wako, ila mtoto wa dada yako damu yake huna shaka nayo.

Lakini Stephen mwenyewe hakuja na hoja hiyo. Na kama ni upwa, kaka yake mkubwa, Theobald, alikuwa hai! Stephen alidai Henry alibadili mawazo akiwa kitandani anakufa. Kilichombeba hasa ni mdogo wake, askofu wa Winchester, mji ambao ndiko ilikokuwa hazina ya mfalme. Ukishika hazina na ukapakwa mafuta kanisani, nani atakuondoa?

Mchezo huo Henry mwenyewe ndiye aliyeucheza kwanza. Tarehe 2 Agosti 1100 kaka yake, mfalme William Rufus, alichomwa mshale wakiwa mawindoni. Henry hakukaa hata msibani. Alipanda farasi hadi Winchester akashika hazina, na tarehe 5 akatawazwa. Siku tatu! Kaka yao mkubwa, Robert, alikuwa njiani anarudi kutoka Vita vya Msalaba.

MwanaUjiji

Mimi wa Kigoma anayenichekesha ni William Mshindi, mtawala wa Normandy kule Ufaransa aliyemnyang'anya Harold kiti mwaka huo huo wa 1066. Emma, mama yake Edward, alikuwa dada wa babu yake William. Yaani babu yake William ni mjomba wa Edward. Sasa mpeleke kwa bibi wa fundi: mpwa anarithi kwa mjomba, kwa hiyo Edward ndiye angedai Normandy! William aligeuza njia. Ndiyo maana alijazia na madai kwamba Harold alimwapia kumuunga mkono na Edward alimwahidi kiti, halafu akamaliza kwa mapanga pale Hastings, 14 Oktoba.

Hata kutawazwa kwake siku ya Krismasi kulikuwa vurugu. Watu ndani ya kanisa la Westminster waliulizwa kama wanamkubali, wakapiga kelele za kukubali. Walinzi Wanormandi waliokuwa nje wakadhani ni uasi, wakachoma nyumba za jirani.

Kichuguu

Witan msiwafanye bunge. Ni wakubwa wachache, kama wanyampala walivyomzunguka mtemi. Na mila ya mpwa nayo ina mipaka yake. Mtemi Fundikira wa Kwanza alipokufa Unyanyembe mwaka 1858, Mnywa Sele alikikalia kiti, Waarabu wa Tabora wakagombana naye, wakamweka Mkasiwa. Bunduki haiulizi mama yako nani.

FundiNgambo

Asanteni wakuu. Jioni nimempelekea bibi yote. La Theobald amelikubali kwa shingo upande. Nikamwambia vita vya Stephen na Matilda viliendelea miaka na miaka, Stephen akatekwa Lincoln 1141, akaachiwa, na mwaka 1153 wakapatana kwamba Stephen atawale mpaka afe, kisha kiti kiende kwa Henry, mtoto wa Matilda. Na ndivyo ilivyokuwa 1154.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo kilipita kwa mwanamke. Mlipigania nini miaka yote hiyo?" "Mlipigania," kana kwamba nami nilikuwepo.

Mwalimu, picha ya vifungo uliyoniomba inbox sina tena. Kifungo cha Matilda nimekishona kwenye sketi ya mteja.