Mafundi mnaotoa themostati (kile kizibo kinachotunza joto la injini) kimyakimya, mnajua mmetumalizia mafuta kiasi gani?

Wakuu, nimelala na hasira na nimeamka nazo. Acha niandike.

Nina Vitz ile ya toleo la pili, injini ya 1KR, cc 996, silinda tatu. Niliinunua kwa sababu moja tu. Mama yangu mzazi yuko Mafinga, anaumwa, na kila mwezi lazima nifike nimpeleke kliniki. Kutoka kwangu Kimara mpaka mlangoni kwake ni kama kilomita 580, kwenda na kurudi 1,160. Kwa mshahara wangu safari hiyo haiwezekani na gari kubwa.

Muuzaji aliniambia inakwenda kilomita 22 kwa lita. Hilo sikulibeba, kwa sababu namba hizo zinatoka kwenye kipimo cha Japani cha zamani, cha 10-15, ambapo gari inazungushwa kwenye mashine kilomita nne na kidogo na haivuki spidi 70. Hakuna mlima kama Kitonga wa Iringa pale. Lakini gari ndogo kama hii, ikiwa nzima, barabara kuu kilomita 17 au 18 kwa lita inatakiwa ikupe bila ugomvi. Na mwaka wa kwanza ilinipa.

Mwaka jana ilichemsha kwenye foleni ya Mbezi. Nikaipeleka gereji ya jirani, fundi akaniambia nikanywe chai. Nusu saa nikarudi, gari haichemshi tena. Nikalipa elfu sitini za "kurekebisha mfumo wa kupoza", nikamshukuru kabisa.

Tangu siku ile gari ikaanza kubugia. Safari ya Mafinga ikawa lita 88 na nusu, yaani kilomita 13.1 kwa lita. Napima vizuri: sheli ileile, pampu ileile, najaza mpaka bomba linajikata lenyewe, naandika kilomita, najumlisha lita zote za njiani mpaka narudi palepale. Kwa hiyo msianze kuniambia nakadiria kwa mshale.

Kila niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja: mguu wako mzito. Mafundi, wauza vipuri, hata shemeji yangu. Basi nikaenda na kurudi nikiwa spidi 80, nimejibanza nyuma ya malori kuanzia Chalinze, mabasi yananipigia honi, nimefika Mafinga usiku mama ameshalala. Nilichookoa ni lita chache tu. Nikaanza kuamini tatizo ni mimi. Hili ndilo linaniuma kuliko pesa.

Mwezi wa saba nikaujua ukweli. Nimetoka Mafinga saa kumi na moja alfajiri, baridi ile mnayoijua wa Mufindi, nateremka kuelekea Iringa. Injini imeshatembea zaidi ya nusu saa. Mara kwenye dashibodi ikawaka taa ya bluu. Wenye Vitz hii mnaijua: haina mshale wa joto, ina taa ya bluu inayosema injini bado baridi, na kawaida inazimika dakika chache baada ya kuwasha. Mimi inawaka nikiwa spidi 90! Nilisimama Ilula nikachomoa stiki ya oili. Inanuka petroli.

Dar nikaenda kwa fundi mwingine, kijana ana kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Tukaingia barabarani naye. Maji ya injini: nyuzi 58. Gari imetulia, spidi 80, mchana wa Dar es Salaam, nyuzi 58! Ilitakiwa iwe 85 kwenda juu. Tuliporudi akafungua nyumba ya themostati. Ndani kulikuwa na pete ya chuma na mpira wake tu. Katikati pamekatwa kwa koleo, alama za meno ya koleo zinaonekana wazi. Springi hakuna, kizibo hakuna. Kile alichokifanya yule bwana kwa nusu saa ni hicho.

Na feni ya rejeta ilikuwa haizunguki. Rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha, imekufa. Hiyo ndiyo iliyochemsha gari kwenye foleni, na hakuigusa.

Sasa mafundi, najua mtakuja na ule wimbo wenu kwamba themostati ni ya nchi za baridi, huku Afrika joto letu halihitaji. Si kweli! Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, ndipo inafunguka, kwa injini nyingi za petroli ni nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, upepo wa safari unaipoza injini muda wote. Kompyuta ya gari inasoma maji, inaona baridi, inaamini gari imewashwa sasa hivi, inamwaga petroli ya ziada. Inamwaga kutoka Kimara mpaka Mafinga. Petroli isiyoungua inashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi, ndiyo ile harufu. Na giaboksi nyingi za otomatiki hazifungi toki konveta (kiungo cha injini na giaboksi) mpaka injini ipate joto, kwa hiyo nguvu nyingine inapotelea hapo, unasikia tu injini inavuma bila sababu.

Nikaweka themostati mpya, rilei mpya, na kulenti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, badala ya maji ya bomba. Safari iliyofuata nikaenda mwendo wangu uleule wa siku zote. Lita 75.8. Kilomita 15.3 kwa lita, kwa kifaa kinachoenea kwenye kiganja.

Baadaye nikabadilisha oili, maana nilikuwa nimewekewa 20W-50, nzito kama asali, wakati kitabu cha gari kinataka nyepesi, 5W-30. Tairi nikazijaza asubuhi kabla hazijapata moto, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni na siyo kwa makadirio ya kijana wa upepo. Keria ya juu nikaing'oa, sikuwa naitumia. Na hapo ndipo mguu nao ukaanza kuleta maana: kutoka spidi 80 kwenda 100 upepo unaikaba gari zaidi ya mara moja na nusu, nami sasa natulia 80 hadi 90, Kitonga napanda taratibu bila kukanyaga mpaka chini. Mwezi uliopita safari nzima imekula lita 64.8. Kilomita 17.9.

Tofauti ni karibu lita 24 kila mwezi. EWURA wakitangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, mimi napiga hesabu ya dawa za mama. Miezi kumi na moja nimemwagia barabarani hela ya dawa, kwa sababu mtu alikata kifaa cha gari yangu bila kuniambia, akanitoza, na aliponisikia nalalamika mafuta akanijibu niangalie mguu.

Ile pete iliyokatwa ninayo, nimeiweka kwenye mfuko. Jumamosi naipeleka mezani kwake, nataka anieleze mbele ya wateja wake.

Na wewe mwenye gari iliyowahi kuchemsha, ukatengenezewa haraka haraka na hukuonyeshwa kifaa chochote kipya wala cha zamani, tafuta mwenye kifaa cha kusoma, mwendeshe naye dakika ishirini, aangalie joto la maji. Ukikuta nyuzi 60 na gari iko barabarani, fungua pale kabla hujajaza tangi lingine. Leteni namba zenu hapa, mtaje na gari.