Mrejesho: ile laptopu iliyogoma bila intaneti imewaka

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ndiye yule wa Wete niliyeuliza kuhusu laptopu mpya ya binti yangu, yenye Windows 11 Home. Wakati wa kuiandaa mara ya kwanza iligoma kwenye ukurasa unaodai intaneti, na nyumbani hatuna Wi-Fi. Mlinishauri nitumie simu.

Nimejaribu jana baada ya Isha. Hotspoti ya simu haikuonekana kabisa kwenye orodha ya Wi-Fi ya laptopu. Nikachomeka simu kwa waya wake wa chaji, nikawasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na papo hapo kitufe cha kuendelea, kilichokuwa kimefifia siku tatu, kikakoza rangi. Binti alipiga kelele mpaka bibi yake akatoka jikoni.

Kwenye kuchagua saa za eneo msihangaike kutafuta Zanzibar wala Dar es Salaam, hazimo. Chagueni Nairobi, saa zetu ni zile zile.

Bando la GB 5 liliisha kabla masasisho hayajamaliza, na hilo liliniuma. Nikanunua jengine, nikaweka kwenye mipangilio ya laptopu kwamba intaneti hii ni ya kupimwa (metered), yaani ya bando, itumiwe kwa uchache. Upakuaji mwingi ukatulia.

Kaka uliyesisitiza ufunguo wa tarakimu 48 wa kufungulia diski ikijifunga, Mungu akulipe. Tumeukuta kwenye akaunti yake ya Microsoft, tumeunakili daftarini, umelala kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Sasa yuko barazani anachapa kazi ya skuli. Imebaki printa.