Fundi kanibandikia SARAFU juu ya katriji mpya ya santuri!

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inanitetemeka. Jina simtaji, ila aliyewahi kuishi Tabora hata wiki mbili anamjua. Yule mwenye lundo la redio mbovu hadi darini.

Miezi minne nimejichanga ninunue katriji, kile kichwa kidogo chenye sindano ya kusomea santuri, Audio-Technica VM95E, nikaagiza Dar ikaja kwa basi. Karatasi yake imeandika wazi: sindano ikandamize kwa gramu 2.0, isizidi 2.2. Mwisho wa mkono wa mashine kuna uzito wa kuzungusha kwa kazi hiyo hiyo. Mtoto wa darasa la tatu angezungusha!

Huyu bwana hakuugusa. Kaingiza mkono mfukoni, katoa sarafu ya shilingi mia, kaibandika kwa selotepu juu ya katriji. SARAFU! Yenyewe tu inapita gramu mbili mara kadhaa. Kisha akaishusha kwenye santuri ya Tabora Jazz ya marehemu baba. Krrraaa! Kama mtu anaparua ukoko wa ugali. Nikaona kivumbi cheusi kimejikusanya kwenye ncha ya sindano. Kile ni wimbo wenyewe unachimbwa!

Nikapiga ukelele. Akanitazama, akasema: "Mzee, si inaimba lakini?"

Si inaimba! Waya mwekundu na wa kijani kavigeuza, spika moja inasukuma nyingine inavuta, besi imeyeyuka yote, waimbaji kama wamefungiwa kwenye debe. Si inaimba!

Narudia: sarafu. Kwa selotepu. Juu ya santuri ya baba.

Mzee wa Asali: Pole sana mkuu. Ukamlipa?

Mleta uzi: Elfu kumi na tano. Na sarafu yake kaibandua akarudisha mfukoni.

Mzee wa Asali: 😂😂😂 nimekufa

Binti Unyanyembe: Mwaka huu bado unacheza santuri? Weka flashi kwenye sabufa ulale.

Mleta uzi: Dada, sauti ya baba akiimbia ile santuri sebuleni haimo kwenye flashi.

Kichwa cha Treni: Mkuu, skrubu mbili na nyaya nne umeshindwaje mwenyewe? Nyeupe na bluu kushoto, nyekundu na kijani kulia. Kwisha.

Mleta uzi: Kibano sina! Ndiyo maana nikampelekea mtu anayejiita fundi! SARAFU wakuu!

Embe Bolibo: Afadhali wewe. Mimi fundi cherehani kanishonea suti ya harusi, mkono mmoja ukaishia kwenye kiwiko. Picha zote nimesimama upande.

Binti Unyanyembe: Wa Isevya huyo?

Embe Bolibo: Umemjuaje???

Binti Unyanyembe: Vitenge vyetu vya kipaimara, wanawake kumi na wawili, kashona saizi moja!

Kichwa cha Treni: Huyo wa Isevya ana nafuu, wa Kanyenye alihama na kitambaa changu.

Mleta uzi: Jamani, tunazungumzia katriji.

Mzee wa Asali: Wa Kanyenye mbona amerudi? Nimemwona jana sokoni, kavaa shati la drafti.

Kichwa cha Treni: Drafti ya bluu na nyeupe?

Mzee wa Asali: Ndiyo.

Kichwa cha Treni: NI KITAMBAA CHANGU HICHO. Upande gani wa soko?