Marner kaondoka: mashabiki wa Majani tuliobaki, msimu huu tunatarajia nini? (Na jezi ya mwanangu niifanyeje?)

MwanaMsimbazi_Scarborough | 27 Septemba 2025

Wadau, salaam. Najua humu wengi mnaingia kwa ajili ya Ligi Kuu na bei za tiketi za kwenda Bongo, ila najua pia tupo wachache tunaofuata hoki ya barafu kimyakimya kama watu wenye deni. Leo jitokezeni. Msimu unaanza tarehe 8 Oktoba, sisi Toronto Maple Leafs (ndio Majani wenyewe) tuko nyumbani na Montreal, na mimi nina mambo mawili yananisumbua.

La kwanza dogo. Krismasi ya 2023 nilimnunulia mwanangu jezi ya buluu ya mshambuliaji wetu Mitch Marner, MARNER mgongoni, namba 16. Dola mia mbili na kitu, yaani karibu zamu mbili za usiku kwenye mikate. Nilichukua kubwa makusudi, aivae miaka mitatu, kama sare za shule tulivyokuwa tunanunuliwa sisi. Sasa ndiyo imeanza kumkaa sawasawa, Marner mwenyewe kaenda Las Vegas. Miaka minane, dola milioni 96. Dogo hakulia. Aliikunja, akaiweka chini kabisa ya droo, jina likiangalia chini. Mama yake anasema tubandue jina tubaki na jani kifuani. Mimi nasita.

La pili ndilo lenyewe. Mnatarajia nini jamani? Maana mimi nimeanza tena kutarajia, na najijua.

Nieleze nilivyoingia humu, wageni wanielewe. Nilitua nchi hii majira ya baridi ya 2013. Mei mwaka huo nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja, kuna televisheni ndogo juu ya friji. Mechi ya saba na Boston. Nilikuwa sielewi chochote, naona watu wazima wanateleza wakifukuza kisahani cheusi cha mpira. Mpishi, Mtamil mmoja mtu wa makamo, akanieleza: mtoano ni mechi saba, anayetangulia kushinda nne anapita, tunaongoza 4–1 kipindi cha tatu, imeisha hii, kesho nakuletea biriani. Boston wakarudisha moja. Ikabaki dakika moja na sekunde 22, wakaweka ya tatu. Sekunde 51, ya nne. Muda wa nyongeza, ya tano. Yule mzee akavua aproni, akaitumbukiza kwenye sinki langu lenye povu, akatoka nje kwenye baridi na malapa. Nikabaki naitazama ile aproni inazama. Nikasema, hii hali mbona naijua? Hii ni Simba kabisa. Basi nikawa wa hapo.

Mara ya mwisho kubeba Kombe la Stanley ilikuwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Na tangu kizazi hiki cha akina Matthews, mfungaji wetu mkuu, kianze, mechi ya saba tumefungwa mara sita: Boston 2018, Boston 2019, Montreal 2021, Tampa 2022, Boston tena 2024, na Mei hii Florida. Hiyo ya Florida ndiyo iliyonimaliza. Tulitangulia mechi mbili kwa bila. Kipa wetu Stolarz akapigwa kiwiko cha kichwa na Sam Bennett mechi ya kwanza tu, hakurudi. Mechi ya tano nyumbani 6–1, mechi ya saba nyumbani 6–1 tena. Watu wanatupa jezi barafuni. Na hiyo ilikuwa Jumapili tarehe 18. Jumamosi yake Simba wametoka kufungwa 2–0 kule Berkane, Morocco, fainali ya Kombe la Shirikisho. Jumatatu nilipiga simu kazini nikasema naumwa tumbo. Sikudanganya sana.

Sasa mnipige mawe: nadhani kuondoka kwa Marner kuna heri ndani yake. Kijana ni fundi, sibishi. Pointi 102 msimu uliopita (magoli na pasi za magoli pamoja), pasi za magoli 75 peke yake, mtoto wa Markham hapo jirani. Lakini ligi hii ina ukomo wa mishahara, msimu huu milioni 95.5 kwa timu nzima, na sisi tulikuwa tunawapa watu wanne karibu nusu ya mfuko, halafu mstari wa tatu na wa nne (vikundi vinavyopokezana kuingia barafuni) tunaokoteza. Mkija mtoano, ambapo marefa wanameza filimbi na kila mtu anakandamizwa ukutani, mafundi wanne wanazimwa na hakuna mwingine. Safari hii wamekuja Nicolas Roy, Dakota Joshua, watu wenye miili. Maccelli naye. Knies kafunga 29 na bado mtoto. Nylander 45. Tavares kakubali kubaki kwa milioni nne na ushee kwa mwaka, mtu aliyekuwa anachukua 11. Kocha Berube naye mnakumbuka alivyowatoa St. Louis mkiani kabisa Januari 2019, Juni wakabeba kombe.

Halafu juzi Barkov wa Florida kaumia goti mazoezini, miezi saba mpaka tisa. Nilifurahi kama sekunde tatu hivi. Kisha nikaona aibu, nikamwambia mke wangu, akasema wewe una matatizo.

Haya, semeni.

---

Jangwani_Oshawa | 27 Septemba 2025

Kwa hiyo ulitoka Msimbazi, ukapanda ndege saa kumi na nane, ukatafuta Msimbazi nyingine kwenye barafu ukahamia. Hongera mzee. Tarehe 25 Juni, Yanga tulivyowafunga, umeisahau? Mbili bila, ubingwa wa nne mfululizo. Watu wa Jangwani tungechagua Florida, wamebeba 2024 na 2025, mambo yameisha.

Jezi usiibandue. Igeuze pajama.

---

MwanaMsimbazi_Scarborough | 27 Septemba 2025

Nilijua utakuja wa kwanza. Kaa pembeni, wakubwa wanaongea hoki.

---

MamaFuraha_Montréal | 28 Septemba 2025

Jambo kaka. Mimi ni wa Bukavu, niko Montréal mwaka wa kumi na moja, na mimi ni fundi wa kushona. Kwa hiyo nitajibu la jezi kwanza, ndilo muhimu.

Geuza jezi ndani-nje, uangalie nyuma ya herufi. Ukiona nyuzi zinazunguka kila herufi, imeshonwa. Hapo unafumua kwa wembe mdogo, ukikata uzi kutokea NDANI, mshono mmoja mmoja, usivute. Ukivuta, kitambaa kinafanya mdomo. Kama hakuna nyuzi, imebandikwa kwa moto, na hapo ndipo watu wanaharibu: wanaleta pasi ya moto, ile ni poliesta, inayeyuka inang'aa kama imepakwa mafuta. Weka kitambaa kati, moto mdogo, uwe na subira. Lakini nikuambie ukweli wa fundi: hata ukifumua vizuri, jina linabaki. Chini ya herufi kitambaa hakijapigwa jua wala sabuni miaka miwili, buluu yake ni nzito kuliko pembeni, na matundu ya sindano yako pale. Mtoto atavaa MARNER ya kivuli. Mimi nimewafumulia watu wengi hapa, wote walirudi kulalamika.

Upande wa timu, pole, lakini sisi Canadiens tunakuja. Kweli kombe letu la mwisho ni la 1993, na hakuna timu ya Kanada iliyobeba tangu hapo. Lakini mengine 23 tunayo, wewe hesabu ya kwako. Msimu uliopita tuliingia mtoano siku za mwisho kabisa, Washington wakatutoa kwa mechi tano, na nilifurahi kama tumeshinda. Kwa nini? Kwa sababu Lane Hutson alikuwa mwaka wa kwanza tu, beki mfupi, watu walisema ataliwa, akachukua tuzo ya mchezaji bora mpya. Suzuki pointi 89. Sasa Demidov atacheza msimu mzima, na Dobson katoka New York. Mimi sitarajii kombe. Natarajia kuona hawa watoto wanakua. Hiyo inaniruhusu kulala usiku, jaribu na wewe.

---

Omogaka_BrooklynPark | 28 Septemba 2025

Wee mwenye jezi, shukuru una jezi ya mtu ameshaenda. Mimi niko na jezi ya mtu hajulikani kama ataenda.

Niko Minnesota, mashabiki wa Wild. Hii timu ilianza 2000, kwa sababu ile ya kwanza, North Stars, ilihamishwa Dallas 1993, na wazee wa huku ukiwatajia Dallas wanaangalia dirisha. Nafanya kazi ya kutunza wazee, kwa hivyo nimeyasikia sana hayo. Kuna mmoja ana miaka 84, kila asubuhi kabla ya dawa lazima aniulize: "Kirill amesaini?" Namwambia bado. Ananiambia basi leta dawa.

Kirill ni Kaprizov. Mkataba wake unaisha mwakani, na magazeti yameandika alikataa milioni 128. Bana, mtu anakataa milioni 128 unamuuliza nini tena? Hatujashinda hata raundi moja ya mtoano tangu 2015. Mwaka huu tena Vegas walitutoa, na ndiko Marner wenu ameenda kuwaongezea nguvu. Kwa hivyo mimi matarajio yangu ya msimu ni sahihi moja tu. Kombe baadaye.

Jezi wachana nayo ilivyo. Mtoto alimpenda huyo mtu, si makosa.

---

KipaMstaafu_Nairobi | 29 Septemba 2025

Niliwahi kudaka kwenye uwanja wa barafu pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, enzi tunabadilishana vifaa kwa sababu havikutosha. Uwanja wenyewe mdogo kuliko wa kawaida, ukigeuka mara mbili umefika goli lingine. Mwaka wa 2018 vijana wetu wa Ice Lions walienda huko kwenu Kanada wakacheza na mastaa wa ligi, Crosby na MacKinnon, kwa hiyo tusidharauliane.

Nataka kukupinga kidogo kuhusu Marner. Kipa haogopi mpigaji, mpigaji unamwona. Unamwogopa yule ambaye anaangalia kushoto na paki (kile kisahani cheusi) inaenda kulia. Wewe unahesabu kwamba alizimwa mechi ya saba, sawa. Lakini hujahesabu ni magoli mangapi ya Matthews yalitoka kwenye gongo la huyo. Matthews alifunga 69 msimu wa 2023–24, uliopita 33 kwa sababu ya kuumia. Sasa hana wa kumlisha. Hao wenye miili uliowataja watamkandamiza mtu ukutani vizuri sana, halafu paki wampe nani?

Mechi ya tarehe 8 inaanza saa ngapi kwetu?

---

MwanaMsimbazi_Scarborough | 29 Septemba 2025

Kipa, hapo kwenye "wampe nani" umenigusa penye kidonda. Nimesoma mara tatu nikiwa mapumziko, chai ikapoa. Jibu langu ni Nylander, lakini nalisema kwa sauti ndogo.

Huku ni saa moja jioni, kwenu itakuwa saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi. Usikeshe bure, subiri mtoano. (Ona, nimeshaanza kusema mtoano kama vile tuna kiti pale.)

Mama Furaha, asante sana. Nimeigeuza jezi. Imeshonwa, nyuzi nyeupe, mshono wa msumeno, safi kabisa. Nikaipiga tochi ya simu, nikainusa, ina harufu ya popcorn ya siku tuliyokwenda mara moja uwanjani, viti vya juu kabisa kule ambako wachezaji wanaonekana kama mchwa. Nimeshindwa hata kushika wembe.

---

Omogaka_BrooklynPark | 30 Septemba 2025

AMESAINI!!! Miaka minane, milioni 136! Hakuna mkataba mkubwa kama huo katika historia ya ligi!

Mzee wangu nilimwambia kabla hajauliza. Alinyamaza, akafikiria, akaniambia: "Sasa atavunjika mguu." Halafu akameza dawa. Hao ndio watu wa Minnesota.

---

Jangwani_Oshawa | 30 Septemba 2025

Hongera Omogaka. Milioni 136 za kuteleza. Sisi tuliambiwa tusome.

---

MwanaMsimbazi_Scarborough | 1 Oktoba 2025

Hongera sana kaka, na mzee mpe salamu, ananifaa awe msemaji wa Simba.

Niwape mrejesho wa jezi. Jana nimekaa na dogo, nikamweleza yote: kivuli, matundu, wembe. Nikamwambia nikipata zamu za ziada naweza kumtafutia ya Knies, 23. Akasikiliza, akaenda kwenye simu ya mama yake, akarudi na ratiba. Januari Vegas wanakuja Toronto. Anasema jezi ibaki ilivyo, ataivaa siku hiyo.

Nikamuuliza, utamzomea au utamshangilia? Akaniambia, "Baba, kwanza nione anavyocheza."

Sasa natafuta tiketi mbili za Januari, viti vya mchwa vinatosha. Mwenye kujua pa kuzipata bila kuuza figo anitumie ujumbe.